Friza sita, kufuli sita

Mhariri,

Jumatano iliyopita nilinunua maandazi matatu pale stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, na yule binti akanifungia kwa kipande cha gazeti lako. Mafuta yalikuwa yameshakula nusu ya maelezo, kwa hiyo sijui picha ilikuwa ya hospitali gani wala ya mwaka gani. Nilichokiona ni mgeni rasmi ameshika mkasi, utepe wa bluu, watu wanne wanapiga makofi, na nyuma yao mashine kubwa nyeupe ya maabara ambayo bado haijavuliwa nailoni. Nikala maandazi yangu nikiitazama ile nailoni. Nimewahi kufanya kazi na mashine iliyokaa na nailoni yake mpaka mradi ukaisha, na siku tulipoivua tukakuta mjusi amezaa ndani.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31 katika maabara za hospitali na za utafiti, kwenye mikoa mitatu ya Kanda hii ya Ziwa. Naomba jina langu usiliandike. Na taasisi nitakayoisimulia sitaitaja, wala sitasema iko upande gani wa ziwa, kwa sababu waliokuwa pale walikuwa watu wema, na kosa lenyewe, la kila mradi kujifungia mashine zake, nimelikuta karibu kila nilikokwenda.

Ilikuwa Ijumaa usiku, miaka kadhaa kabla sijastaafu. Saa tano na nusu simu ikalia, mlinzi wa jengo letu. "Shikamoo mama. Samahani kukuamsha. Kuna friza inalia huku." Nikamuuliza ipi, akasema hajui, zinafanana zote. Nikajifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, nikamwita kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu.

Kwenye korido ile kulikuwa na friza sita za nyuzi 80 chini ya sifuri. Sisi tulizoea kuziita minasi themanini. Sita, zimepangwa ukutani kama majeneza yaliyosimamishwa, kila moja na stika ya mradi wake na kufuli yake. Iliyokuwa inalia ni ya tatu kutoka mlangoni. Kioo chake kilisoma 52 chini ya sifuri, na nilipoendelea kukitazama kikasoma 51. Ndani mlikuwa na visanduku 61 vya plazima, yale maji ya damu, na vya kinyesi cha watoto wa shule za vijiji vya ufukweni, kazi ya kichocho, miaka minne ya kupanda mitumbwi na kubembeleza wazazi.

Friza ya nne, iliyopakana nayo, ilisoma 79. Nilijua kwamba ndani yake rafu tatu za chini ni tupu, maana ni mimi niliyeipanga. Lakini ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mratibu wa mradi ule, naye alikuwa Dodoma kwenye warsha, simu imezimwa. Nikampata msaidizi wake. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, siwezi kutoa ruhusa. Ile ni mali ya mradi. Wakija wakaguzi wakakuta sampuli za watu wengine, nitasema nini?" Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa kijana wa mkataba wa mwaka mmoja.

Friza ya aina hiyo ikijaa na isipofunguliwa huvumilia saa kadhaa. Ile haikuwa imejaa. Kufikia alfajiri ilikuwa 20 na kitu chini ya sifuri. Mimi na mlinzi tulihamisha tulichoweza kwenye friza za kawaida na kwenye makasha ya kubebea samaki, barafu juu, barafu chini, jambo ambalo kwa sampuli za aina ile ni sawa na kumpepea maiti. Plazima ya kupimia kingamwili huenda ilisalimika. Zile zilizotunzwa kwa ajili ya kusoma RNA, aina ya vinasaba isiyovumilia joto, ziliharibika, na pamoja nazo nusu ya tasnifu ya binti mmoja wa shahada ya uzamili. Kufuli la friza ya nne lilifunguliwa Jumatatu saa nne asubuhi.

Fundi alipokuja alichukua dakika kumi tu. Friza hizi zina kompresa mbili, ya kwanza ikiipoza ya pili, na ya kwanza hupumua kupitia kichujio kilicho chini, mbele, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Alikivuta kichujio kile akanionyesha. Kilikuwa kimevaa blanketi la vumbi na la wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuingia kila penye taa. Kompresa ilikuwa imekosa hewa, ikaungua. Kukisafisha kichujio ni kazi ya maji na brashi, robo saa, kila baada ya miezi michache. Hakuna aliyewahi kukisafisha. Miradi sita, friza sita, kila mradi una mratibu, dereva, mhasibu na gari, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kichujio kile ni kazi yake.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mashine ya utafiti katika hospitali inayofundisha isiwe ya mradi. Iwe ya nyumba, itumiwe na wote wa nyumba, na nyumba imwajiri mtu wa kukaa nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Bukindo, Ukerewe. Tulikokulia sisi kulikuwa na mashine moja ya kusaga, na fundi wake alikuwa baba yangu mdogo. Hakuna mwanamke aliyewahi kusema anunue mashine yake kwa sababu ana debe la mihogo. Unabeba ndoo kichwani, unapanga foleni, unalipa, unasagiwa. Lakini baba mdogo alikuwa na sheria, na mtoto yeyote wa pale alizijua. Mahindi asubuhi, udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, mchana. Ukija na mahindi baada ya udaga, unatoa kibaba kimoja kinatangulia kusafisha, unga wake wanamwagiwa kuku, ndipo debe lako linaingia. Hakuna anayegusa swichi isipokuwa yeye. Juu ya msumari ukutani ulining'inia mkanda mpya, siku zote, hata kama uliopo bado mzima. Na kila jioni kabla hajahesabu ya kwake alitia shilingi fulani kwenye kopo la maziwa la Nido. Ile ilikuwa pesa ya mkanda, na hata mama mdogo hakuruhusiwa kuigusa.

Nilipoingia chuo na kufundishwa kupima vinasaba kwa PCR nilicheka peke yangu. Kifaa kile huzidisha kipande cha kinasaba mara mamilioni, kwa hiyo chembe isiyoonekana ya sampuli ya jana inaweza kukupa jibu la uongo leo. Ndiyo maana maabara nzuri ina vyumba vitatu: cha kuandalia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, cha sampuli, cha mashine. Unakwenda mbele tu, koti la chumba cha mwisho halirudi cha kwanza. Na katika kila awamu unaweka kichupa chenye maji matupu. Kikitoa jibu, ujue umechafua. Kile ni kibaba cha kuku cha baba mdogo.

Wenzetu wameshalifanyia kazi hili. Mimi sijafika Marekani. Ninayoyasema nimeyasoma na nimeyasikia kwa vijana wetu waliokwenda kusoma huko wakarudi. Katika hospitali kubwa za vyuo vikuu kule, mtafiti mpya haanzi kwa kutafuta fedha za kununua kila kitu. Anakuta maabara za pamoja: moja ya kusoma vinasaba, moja ya hadubini kubwa, moja yenye mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza na kuzihesabu kwa rangi zake, nyingine ya kutunza sampuli, hata ofisi ya watakwimu. Anaomba zamu kwa intaneti. Kabla hajagusa mashine anafundishwa na anapimwa kama ameelewa. Akiitumia mwenyewe analipa kwa saa bei ndogo, akifanyiwa na mtaalamu analipa zaidi, akitoka kampuni ya nje analipa zaidi ya hapo. Na kwa kuwa fedha nyingi za utafiti wao zinatoka serikalini, kanuni zinataka bei ilingane na gharama, isiwe ya kutafuta faida, wala isimpendelee mtafiti huyu wa ndani kuliko yule.

Tena Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina ruzuku maalumu, iliyoanza mwaka 1982, ya kununulia mashine za gharama kubwa za kutumiwa kwa pamoja. Sharti mojawapo: waombe watafiti wasiopungua watatu wenye miradi inayoihitaji mashine hiyo. Mmoja peke yake, hata awe profesa wa maprofesa, hapewi. Nilipolisoma sharti hilo niliikumbuka korido yetu. Sisi tungeitwa kwenye meza moja sote sita, pengine tungenunua friza tatu nzuri, jenereta na brashi ya kusafishia kichujio.

Nitasema kidogo kuhusu umeme, maana wakuu wetu huielewa Luku haraka kuliko wanavyoelewa kingamwili. Friza moja ya minasi themanini ya mtindo wa zamani hula kati ya uniti 15 na 20 kwa siku. Mteja wa nyumbani wa daraja la chini, yule anayeuziwa umeme kwa nafuu, hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Yaani friza moja humaliza mgao wa mwezi wa nyumba kama hiyo ndani ya siku nne au tano. Zetu zilikuwa sita, na mbili kati yake zilikuwa na barafu na hewa tu.

Najua watakachosema watafiti, kwa sababu nimekaa nao chai miaka yote hiyo. Cha kwanza ni hofu ya kuibiwa: sampuli ikikaa friza ya wote, nani atajua nani kaichukua? Hofu hiyo ina haki yake. Sampuli ya mtu si debe la mahindi. Aliyeitoa aliweka dole gumba au saini kwenye fomu iliyosema itatumika kwa kazi gani. Lakini kufuli la mradi halilindi hilo. Linalolinda ni daftari: kichupa chenye namba, rafu yenye namba, aliyeingiza, aliyetoa, saa ngapi, kwa kibali kipi, na mtu mmoja anayeulizwa. Kwenye ile korido ya kufuli sita, nikuambie ukweli, mhariri, kulikuwa na visanduku ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Vilikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, na wino ulikuwa umefutika kwa ubaridi.

Cha pili wanasema mfadhili amenunua kwa kazi hii tu. Nimebahatika kusoma mikataba miwili ya namna hiyo, si kwa cheo changu, ni kwa sababu nilitumwa kuitoa nakala. Yote ilisema mradi ukiisha vifaa vibaki kwa taasisi. Basi mradi huisha, na siku hiyo kifaa hakina bajeti, hakina fundi, na aliyekizoea ameshapata kazi Dar es Salaam. Mkataba wa matengenezo umekwisha pamoja na mradi. Kinageuka meza ya kuwekea mafaili. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, vifaa zaidi ya laki moja, ukakuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa mbele ni uhaba wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa na miundombinu. Niliposoma hivyo sikushtuka hata kidogo.

Chukua mashine za kuhesabu CD4, zile seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU. Zilikuja kwa wingi baada ya nchi yetu kuanza mpango wa dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, na zilifanya kazi ya Mungu. Halafu kipimo cha wingi wa virusi kikachukua nafasi, sawa kabisa, dawa imeendelea. Lakini baadhi ya zile mashine kubwa zilikuwa na uwezo zaidi ya kuhesabu CD4. Kwa vitendanishi vingine na mtu aliyefundishwa zingesaidia kutambua aina za saratani ya damu, au kumpa mwanafunzi wa kinga ya mwili mahali pa kujifunzia. Niliyoitumia mimi ilifunikwa shuka. Kinyume chake ni GeneXpert, ambayo ililetwa kwa ajili ya kifua kikuu, ikaja kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, na Korona ilipofika duniani ikapimiwa humo humo, unabadilisha katriji tu. Huo ndio ushirika ninaousema.

Na huku kwetu kazi haikosekani. Kichocho cha tumbo kipo kila mwalo. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, imejaa Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama wanavyouita siku hizi, kila daktari wa watoto anao mfano wake wa wiki hii. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kusoma vinasaba vya bakteria kumi tu hawezi kununua mashine, wala hana haja nayo. Anahitaji zamu ya siku mbili na mtu wa kumwonyesha. Akiikosa, sampuli zake zinapanda basi la usiku ndani ya kasha la barafu, au zinaombewa kibali cha kwenda nje ya nchi, na majibu yanarudi yeye ameshamaliza chuo.

Wala asitokee mtu kusema haya ni makubwa kwetu. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani humu, jamii 12 za vijijini, ukaonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ya afya iliutaja mji wetu. Mimi nilikuwa kijana kazini, mbali na utafiti ule, ila nakumbuka tulivyotembea vifua mbele kwenye korido kana kwamba tuliufanya sisi.

Hapa nichomeke la moyoni, ukiona halifai lifute. Mashine ile ya CD4 niliiendesha miaka minne. Nilijua sauti yake ikiwa na kiu ya maji ya kusafishia. Zilitoka makala kadhaa za kisayansi kwa majibu yaliyopita mikononi mwangu, na mwisho wake tukashukuriwa kwa mkupuo, "wafanyakazi wa maabara". Sikudai jina langu liwe la kwanza. Lakini vijana wenye akili wanaona, na wakiona wanakimbilia kwenye kuandika miradi, hakuna anayetaka kuwa fundi wa mashine ya kusaga. Maabara ya pamoja haiwezi kusimama bila ngazi ya ajira yenye jina, mshahara na kupanda cheo kwa huyo mtu wa katikati, ambaye si daktari wala si mwanafunzi. Wahandisi wa vifaa tiba nao wapo, wanahitimu, wengine nawaona wanauza simu Makoroboi.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wakuu wa hospitali na vyuo vyetu ni kidogo. Kabla ya kupokea mashine nyingine, waulize nani wengine wawili wataitumia. Bei ya kuinunua isisainiwe bila bei ya kuitunza miaka mitano kuwekwa kando yake. Kila anayeitumia alipe kitu, hata mwanafunzi, hata kiasi cha soda, na fedha hiyo iingie kwenye akaunti yake yenyewe, isimezwe na mfuko mkuu ikageuka mafuta ya gari la utawala. Funguo zikae sehemu moja, kwa mtu wa zamu, mchana na usiku. Na wakikata utepe, wavue na nailoni siku hiyo hiyo.

Ninakaa si mbali na stendi. Siku za Jumanne na Alhamisi asubuhi sina kazi zaidi ya kuku na mjukuu. Akitokea mkuu yeyote wa maabara anayetaka mtu wa kukaa mlangoni na daftari hadi atakapopata wa kuajiri, anipate kupitia kwako, mhariri. Kalamu nitakuja nayo, ile isiyofutika kwa baridi, na brashi.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Nyegezi, Mwanza
(Jina na anuani vimehifadhiwa)